Utando Namba Saba

Jumatatu, 7 Februari 1977

Nusu nyuzi ya joto. Robo saa ya kusubiri. Soma mita, andika. Nusu nyuzi tena. Tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa nimetoka nyuzi ishirini na nne hadi thelathini na sita, na mgongo umekufa ganzi. Mtu akiniuliza nafanya nini chuoni nitamwambia ukweli: napasha maji moto polepole kuliko mwanamke yeyote wa Kampala.

Ndani ya maji, kwenye mrija wa kioo, umelala utando namba saba. Kipande cha kioo urefu wa kidole, juu yake kromi nyembamba mno. Ukikiinua dirishani unaona paa za mtaa wetu wa Bwaise bondeni kupitia kwenye chuma, za kijivu, zinaelea. Upande mmoja naupasha zaidi kidogo kuliko mwingine, na kwa hilo tu umeme unazaliwa ndani yake. Umeme kidogo sana. Nikikohoa mshale unahama.

Joto lenyewe nalipima kwa waya mbili zilizosukwa pamoja. Ncha moja inagusa utando. Ncha ya pili imezama kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Barafu ndiyo sifuri yangu, kila namba nahesabu kutoka pale.

Barafu naletewa na mchuuzi wa samaki alfajiri, ndani ya gunia la pumba za mbao. Afande Musa, konstebo anayelinda jengo letu tangu vifaa vilipoibwa, anaivunja vipande na kuijaza chupa kabla sijafika. Sikumwomba. Alisema tu, "Mwalimu, barafu yako itakufa na jua. Wewe unakuja saa mbili."

Jumanne, 8 Februari

Umeme umekatika. Nimekaa. Makorongo kwenye paa la maktaba, mvua imekataa kuanza.

Nimewaza kromi mpaka nikasinzia. Kila atomu ni sumaku ndogo, na kila moja imemgeuzia jirani yake mgongo. Huyu juu, yule chini, huyu juu, yule chini. Zinafutana. Ukisogeza dira karibu sindano haitikisiki, ungeapa mle ndani hakuna kitu. Kumbe kuna mpangilio mkali kuliko gwaride. Nikaota natembea katikati yao, mistari na mistari, na hakuna aliyenitazama.

Alhamisi, 10 Februari

Nimeiona nundu.

Niandike vizuri. Kromi ikifika joto fulani mpangilio wake unavunjika, kila atomu inageukia inakotaka, na mstari wa umeme kwenye karatasi ya grafu unaota nundu. Tando sita za kwanza alizipima Dakta Mulindwa, mwalimu wangu, kabla hajatoka kwenda kula chakula cha mchana siku moja mwaka jana asirudi, na barua yake ya kwanza ikaja kutoka Nairobi. Zote sita, nundu kwenye thelathini na nane. Joto la mtoto mwenye homa ndogo. Vitabu vinasema hivyo hivyo.

Ya kwangu imetokea kwenye arobaini na moja.

Utando namba saba ni mwembamba kuliko yote. Niliutengeneza mwenyewe kwa mafuta ya mwisho ya pampu ya kunyonya hewa. Mwingine hautatengenezwa, mafuta hayapo Uganda nzima. Kama wembamba ndio umeisogeza nundu, basi hili ni jambo jipya na ni langu.

Ijumaa, 11 Februari

Arobaini na moja na nusu.

Nimemwandikia Dakta. Barua imeondoka na dereva wa lori la kahawa, imekunjwa ndani ya soksi. Posta haifai, kuna mtu anasoma.

Jumatatu, 14 Februari

Arobaini na moja. Mama ameniambia natembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Dukani kwake hapa Bwaise hakuna sukari, hakuna sabuni, rafu zimebaki na viberiti na uzi wa kushonea. Nilimsikia akisema habari ya sukari. Nilikuwa nimesimama katikati ya duka nikiona nundu.

Jumanne, 15 Februari

Siku mbaya. Afande Musa ameitwa gwaride. Mlangoni askari mwingine, hasalimii. Barafu nimeikuta nje kwenye gunia, nusu maji, nikaijaza mwenyewe.

Nundu thelathini na nane. Bila shaka nimekosea kuunga waya. Nimekata ukurasa wote kwa kalamu nyekundu, kona hadi kona. Nimekasirika mpaka nikashindwa kula.

Jumatano, 16 Februari

Arobaini na mbili. Musa yupo, mambo yamerudi mahali pake. Nilijua ni waya.

Ijumaa, 18 Februari

Jana arobaini na moja, leo arobaini na nusu. Naona inacheza kidogo. Chombo chenyewe kizee.

Afande Musa aliingia saa sita kuomba maji ya kunywa akaniuliza mle kwenye mrija kuna nini. Nikamweleza habari ya majirani waliogeuziana migongo. Alicheka taratibu. "Kumbe hii chuma iko kama barabara ya Bombo. Kila mtu anaangalia upande yake, hakuna anajua mwingine." Anatoka kaskazini, kando ya ziwa Kyoga. Alibatizwa kwao, akasilimu alipomwoa Mnubi wa Bombo, na ndugu zake hawajamsamehe bado. Mke na watoto wako kwenye nyumba za polisi Naguru. Tangu Januari analala kibanda cha walinzi juma zima, maana vizuizi vya barabarani asubuhi si vya kuchezea. Ijumaa jioni anarudi kwao. Hajawahi kukosa Ijumaa, anasema, hata mvua ya mawe ikinyesha.

Leo kaondoka mapema, kabeba mkungu mdogo wa ndizi chini ya koti.

Jumatatu, 21 Februari

Jibu la Dakta. Mistari mitano. Anasema kama nundu kweli iko arobaini na moja, hajaona hilo popote. Nimpe siku kumi. Siku kumi za vipimo vinavyokubaliana, na atanipatia nafasi kwenye maabara anakofanya kazi sasa. Barua ya mwaliko, karatasi za mpakani, kila kitu.

Siku kumi. Leo imekuwa ya saba, arobaini na moja.

Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna hii. Nataka kulala usingizi bila kusikia breki za gari. Nataka kununua mafuta ya pampu dukani. Nataka nundu yangu iwe na jina langu.

Jioni Afande Musa kaniambia amehamishiwa zamu ya usiku kuanzia leo. Atakuwa anaondoka mlangoni kabla sijafika. Nisijali barafu, chupa niiache ngazini jioni, atanijazia. Alikuwa hanitazami usoni. Watu wa kaskazini walio kwenye jeshi na polisi wanachukuliwa mmoja mmoja, kila mtu anajua, hakuna anayesema. Nilitaka kumwambia ajiangalie. Nikamwambia asante kwa barafu.

Jumanne, 22 Februari

Chupa imejaa, iko kwenye ngazi kama alivyoahidi. Arobaini na moja. Ya nane.

Jumatano, 23 Februari

Ya tisa. Arobaini na moja na nusu. Mvua kubwa, Bwaise imejaa maji mpaka kizingiti cha duka. Mimi niko chuoni, mlimani juu, kavu, nasubiri robo saa zangu. Niliota macho wazi kwamba maji yamepanda mpaka kwenye chumba na utando unaelea juu yake.

Alhamisi, 24 Februari

Kumi. Arobaini na moja kamili.

Chupa ilikuwepo, imefungwa vizuri, barafu imevunjwa vipande vidogo. Nimeandika barua ya Dakta yote, na jedwali. Lori linaondoka Jumapili ya juma lijalo. Kesho nitapima mara moja tena, kwa raha tu.

Ijumaa, 25 Februari

Thelathini na nane.

Chupa ilikuwepo. Barafu ilikuwepo. Waya nimezikagua mara tatu. Thelathini na nane.

Jumatatu, 28 Februari

Thelathini na nane. Nimebadilisha waya zote. Nimesafisha ncha kwa spiriti.

Jumanne, 1 Machi

Thelathini na nane. Utando umekufa. Au umechoka, nimeupasha na kuupoza mno, kromi imejikunja kwenye kioo na kurudi ilikokuwa. Nimelia. Nimelia kwa sababu ya mstari kwenye karatasi. Watu wanalia kwa mambo mengine mji huu.

Jumatano, 2 Machi

Alikuja mwanamke saa nne, mtoto mgongoni. Mke wa Afande Musa. Anaitwa Mama Zaitun. Alivua viatu mlangoni mwa maabara kana kwamba anaingia nyumbani kwa mtu.

Ijumaa mumewe hakuja. Jumamosi hakuja. Alikwenda ofisini kwao, wakamwambia konstebo huyo ametoroka kazi tangu Jumatatu jioni, tarehe ishirini na moja, na akionekana atafungwa. Walinzi wenzake kibandani wanatazama chini.

"Mimi nataka kujua kitu moja tu," alisema. "Alikimbia mimi na watoto, ama watu walimchukua? Wewe alikuwa anakutaja. Wewe ulimwona siku gani?"

Nilimwona mwisho Jumatatu hiyo hiyo. Nikamwambia. Niliona uso wake unafunga. Jumatatu ndiyo siku waliyompa wao.

Akaiona chupa ya chai mezani. Akaishika. Akasema, bila hasira, kumbe hii ndiyo ilimaliza chumvi yake. Nikadhani sikuelewa. Akaeleza. Kila Jumatatu Musa alikuwa anatoka Naguru na chumvi imefungwa kwenye gazeti. Kule Kyoga, alikokulia, wachuuzi wanarushia barafu chumvi ili baridi iume na samaki wafike Kampala wazima. Musa alisema barafu ya mwalimu inayeyuka upesi, anaisaidia kidogo. Chumvi yenyewe ya mgao, nyumbani wanakula mboga hivi hivi.

Nilivuta kiti nikakaa. Yeye alidhani namwonea huruma. Aliondoka akanishukuru.

Alhamisi, 3 Machi

Nimeiba kijiko cha chumvi jikoni kwa mama. Nimekitia kwenye barafu.

Arobaini na moja.

Chumvi inashusha barafu chini ya sifuri. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, nimewafundisha mwenyewe. Sifuri yangu ilikuwa imezama nyuzi tatu, na nundu yangu haikusogea hata kidogo. Ilikuwa thelathini na nane siku zote. Siku ya tarehe kumi na tano, Musa alipokuwa gwarideni, kromi ilisema kweli mara moja, nami nikaikata kwa kalamu nyekundu.

Hakuna jambo jipya. Hakuna Nairobi. Nimechukia. Nimemchukia yeye kwanza, kwa muda wa saa nzima, mtu ambaye huenda hana kaburi. Niandike hilo lisifutike.

Baadaye nilifungua daftari kutafuta siku zenye chumvi, nijue ni kurasa zipi za kutupa. Kidole kikashuka. Tarehe ishirini na moja, chumvi. Ishirini na mbili, chumvi. Ishirini na tatu. Ishirini na nne, chumvi. Ishirini na tano, hakuna.

Nilisoma tena.

Jioni nilimngoja mchuuzi wa samaki njiani. Nikamuuliza nani huwa anaijaza chupa. Akasema akikuta mtu anamwachia gunia, akikosa mtu anaijaza mwenyewe. Zipi siku alikuta mtu, hakumbuki. Alfajiri ni giza na yeye hatazami sura, siku hizi hatazami sura ya mtu yeyote. Chumvi hana, kauliza kwani mimi nimeona wapi chumvi.

Kwa hiyo Musa hakutoroka Jumatatu. Alikuwa ngazini pale Jumanne, Jumatano, na Alhamisi alfajiri, anavunja barafu vipande vidogo. Ofisi inasema uongo. Katika Kampala yote anayejua hilo ni mimi na kioo kimoja chenye kromi.

Ijumaa, 4 Machi

Sikupima.

Barua ya Dakta ipo mezani, imekamilika, siku kumi zinazokubaliana. Si uongo, namba hizo nilizisoma kwa macho yangu. Utando ni mmoja, hakuna wa kuja kunihakiki. Nikifika Nairobi naweza kusema ulivunjika safarini. Nimewaza haya asubuhi nzima, kwa utulivu kabisa, nikila karanga.

Lakini kama siku zile kumi ni za utando, basi si za Musa. Haziwezi kuwa za wote wawili. Nikisema arobaini na moja ni kromi, nimesema pia kwamba Alhamisi ile hapakuwa na mtu ngazini.

Naogopa. Naguru kuna polisi kila mlango. Mwanamke anayekwenda kule kusema afisa fulani kadanganya hatakiwi kuwa na mama mwenye duka, wala mama yeyote.

Jumamosi, 5 Machi

Nimechana barua. Nimeandika nyingine, fupi. Utando namba saba: thelathini na nane. Kosa la barafu. Samahani kwa usumbufu. Nimempa dereva. Alinitazama machoni akauliza kama kuna msiba.

Kisha nikaenda Naguru na mkungu wa ndizi kichwani, maana hakuna askari anayemshuku mwanamke mwenye ndizi. Vizuizi viwili. Kwenye cha pili walichukua nusu ya ndizi wakaniambia nisalimie ninakokwenda.

Mama Zaitun alikuwa anafua. Tuliingia ndani, watoto akawatoa. Sikuwa nimebeba daftari wala karatasi, nilikuwa nimezishika tarehe kichwani. Nilimweleza polepole: waya, barafu, chumvi, namba inavyopanda chumvi ikiwepo na kushuka isipokuwepo. Nilidhani sitaeleweka. Alielewa mara moja. Kumbe siku zote jikoni kwake alikuwa akihesabu chumvi hiyo hiyo upande wa pili.

Aliniuliza siku ya mwisho ni ipi.

Nikamwambia Alhamisi. Alfajiri ya tarehe ishirini na nne.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikamwambia sisemi kwamba amekufa, sijui hilo. Ninachojua ni kwamba alikuwepo.

Alitikisa kichwa. "Mtu anatengeneza barafu ya watu mpaka Alhamisi, huyo hatoroki. Na Ijumaa anakuja nyumbani. Miaka tisa, hajakosa Ijumaa. Kama Ijumaa hakuja..." Alikaa kitako sakafuni, mikono bado ina povu, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ataanza kuhesabu eda kutoka Alhamisi ile. Alikuwa hajui aanzie wapi. Walipomwambia Jumatatu walimfanya mke wa mtoro, hana ruhusa hata ya kulia.

Nililia mimi. Yeye aliniletea maji.

Jumatano, 9 Machi

Nimepima. Thelathini na nane. Mstari mzuri, umenyooka pande zote mbili, nundu katikati. Nitauandika hivyo kwenye tasnifu, na sura ya barafu nitaiandika ndefu. Mtahini atauliza chumvi iliingiaje. Sijui nitamjibu nini.

Barafu sasa naijaza mwenyewe. Natoka nyumbani kabla ya adhana, nafika ngazini ukungu bado uko Bwaise chini na mlima umekaa peke yake juu kama kisiwa. Mchuuzi ananiachia gunia bila kunitazama. Navunja vipande vidogo.

Mama alikwenda Naguru jana kumpa mkono Mama Zaitun. Amemkuta ndani, kavaa nyeupe, kioo kimegeuzwa ukutani, watoto wametulia. Wanawake wa nyumba za polisi wamejaa sebuleni, hata wale ambao waume zao hawataki waonekane pale. Akaja pia mkubwa mmoja wa ofisi ya polisi, akasimama mlangoni na kofia yake, akauliza kwa nini mke wa mtoro amevaa nguo za msiba, na nani aliyempa hiyo tarehe.

Mama anasema Mama Zaitun hakuinua macho. Alisema yeye ni mkewe, amejua tu.